Hasira za Binti wa Mama Sindano

Watoto walimwita Mama Sindano, naye hakuchukia. Katika chumba kidogo cha kutolea damu, chenye kiti kimoja na feni inayolalamika kutwa, alikuwa na mkono mwepesi ajabu: mtoto bado anavuta pumzi ya kulia, yeye keshabandika plasta.

Damu hiyo ilikuwa ya utafiti. Mtafiti, bwana mchangamfu asiyejua kunong'ona, alitaka kujua kama majonzi ya mjamzito huacha alama kwenye jeni za mwanawe. Si kubadili jeni zenyewe, bali zile alama ndogo zinazoziwasha na kuzizima. Siku alipotoka ofisini akishangilia, "Zipo! Watoto wa wafiwa wana alama tofauti!" Mama Sindano alikaa kwenye kile kiti cha watoto. Yeye alifiwa na mume akiwa na mimba, akalia mpaka sauti ikakauka. Na binti aliyemzaa, sasa fundi cherehani, ana hasira za karibu hizo, usiseme.

Jioni alimwomba radhi. "Mwanangu, nilikuharibu kabla hujazaliwa."

Binti akatua sahani kwa kishindo. "Kwa hiyo mimi ni kilio chako tu, mama?" Akaenda kulala bila kula.

Mtafiti naye hakuwa na raha. Matokeo yalikuwa matamu kupita kiasi. Akamuuliza Mama Sindano watoto wale walikuwaje siku ya kutolewa damu.

"Wa wafiwa? Mafua matupu! Wengi wa shule moja, kamasi moja. Nilifuta pua zaidi kuliko nilivyochoma sindano."

Mtafiti akajipiga kofi usoni. Damu ina seli za aina nyingi, kila aina na alama zake, na mafua huvuruga mchanganyiko. Ukizidisha maharagwe mekundu sufuriani, rangi hubadilika ingawa hakuna haragwe lililogeuka. Alipopiga hesabu upya akizingatia mchanganyiko huo, tofauti yote ikayeyuka.

"Na hata ingebaki, mama," alisema akijicheka, "isingethibitisha kwamba kilio ndicho chanzo. Mfiwa hakosi mengine: hapati usingizi, hali chakula. Tena alama hizo hubadilika maishani."

Mama Sindano alifika nyumbani amechangamka, akamsimulia binti yake yote, mpaka maharagwe. Binti akakata uzi kwa meno.

"Afadhali. Nilishaanza kuogopa kwamba hata hasira zangu si zangu."

"Ni zako, mwanangu, zote. Njoo ule kabla hazijanigeukia."