Pua Kumi za Kikwajuni

Dk. Amne Mcha hatii manukato. Kwa mwanamke aliyezaliwa Kikwajuni, Unguja, tena katika nyumba ambayo udi wa kufukiza huungwa jikoni, kwenye sufuria ya pili pembeni ya mchuzi, hilo si jambo dogo. Kwa miaka ishirini na sita amekwenda harusini, maulidini na kwa wagonjwa akinukia maji na sabuni ya kipande. Kwa miaka yote hiyo shangazi yake, Bi Maisara, aliyemlea, amekuwa akimpokea mlangoni kwa maneno yale yale.

"Karibu, mwanangu. Loo, nilidhani ni upepo tu umepita."

Sababu ni kazi. Amne ni mkemia. Anachunguza vitu vinavyoipa mimea harufu, na mtu anayeshinda maabara akipima harufu hawezi kuja na yake kutoka nyumbani.

Alianza na karafuu, kama wengi wa huku. Harufu ya karafuu inatokana hasa na kitu kiitwacho eujenoli, ambacho ndani yake mna pete ya kaboni sita. Alikitoa, akakisafisha, akakipima kwa kila namna, akapata shahada yake ya pili Dar es Salaam. Kisha akaenda Ujerumani kwa shahada ya tatu. Huko, wiki ya kwanza, profesa wake alimpa vichupa viwili visivyo na maandishi akamwambia anuse.

Cha kwanza kilikuwa nanaa. Cha pili kilikuwa kisibiti, kile kile anachotia Bi Maisara kwenye mikate ya Ramadhani.

"Ni kitu kimoja," profesa akasema. "Kaboni zile zile, idadi ile ile, zimeungana kwa mpango ule ule. Ila kimoja ni sura ya mwenzake kwenye kioo."

Amne alicheka kwa sauti, peke yake, katikati ya maabara yenye watu kumi na wawili wasiojua kinachomchekesha. Alirudi Unguja na udaktari, pamoja na neno moja la kumweleza shangazi yake.

"Makubadhi," alimwambia, akayaweka yote mawili juu ya mkeka. "Ngozi moja, fundi mmoja, uzi mmoja. Lakini la kulia halivaliki mguu wa kushoto. Na vitu vya harufu viko hivyo. Viko vya kulia na vya kushoto."

Bi Maisara aliyatazama makubadhi. "Na pua ndiyo mguu?"

"Naam, shangazi. Pua ndiyo mguu."

"Sasa hilo ulikuwa ukilitafuta Ujerumani miaka minne, na mimi nna makubadhi hapa hapa?"

Tangu hapo Amne amekuwa akikishughulikia kilua, ua lile la manjano ambalo akina mama wa Unguja hulifunga kwenye pembe ya kanga au kulichomeka kwenye nywele. Kazi hiyo ilimchukua miaka kumi na moja. Ndani ya kilua alikuta kitu ambacho katika daftari lake alikiita K-7: pete ya kaboni sita, na mkia, na mahali mkia unapoungana na pete ndipo penye mkono, wa kulia au wa kushoto. Ua lenyewe hutengeneza K-7 ya kushoto peke yake. Amne aliitengeneza ya kulia kwa mikono yake, hatua kumi na nne, miezi minane, akapata miligramu mia na kumi. Alipoinusa, haikuwa kilua. Ilikuwa harufu ya mbao mbichi.

Aliandika makala, akaipeleka kwenye jarida la wakemia. Jibu lilikuja na sifa nyingi na aya moja fupi. Wahakiki walikubali kwamba mashine inaonesha mikono miwili. Lakini nani kasema pua za watu zinaitofautisha? Aliyenusa ni Dk. Mcha mwenyewe, naye alijua kipi ni kipi. Atafute watu kumi waliozoea harufu, wasiojua lolote. Kila mmoja apewe vichupa vitatu, viwili sawa na kimoja tofauti, achague kilicho tofauti, mara sita. Majibu sitini. Kubahatisha tu kungeleta majibu sahihi ishirini. Wao walitaka yasipungue ishirini na saba, na walimpa wiki tisa.

Ya kulia zilikuwa zimebaki miligramu arubaini, zinazotosha jaribio moja na akiba kidogo. Kutengeneza nyingine ni miezi minane. Likiharibika, makala haitoki, na miaka kumi na moja inabaki daftarini.

Waliozoea harufu aliwajua. Akenda Kikwajuni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Leo umekuja mchana, pana nini?"

Pana hivi, Amne akaeleza. Bi Maisara, mwenye miaka sabini na nne, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa kichwa dirishani na kuita majina. Kabla ya alasiri walikuwa wamepatikana kumi, wote waungaji wa udi na wasukaji wa vikuba, vile vishada vya asumini vya kuvaa kifuani.

Jumamosi ile gari la chuo liliwaleta maabara. Amne alikuwa amefungua madirisha tangu jana yake, meza imepanguswa kwa maji matupu, kalamu zimepangwa. Abdulhakim, fundi wa maabara aliyefanya naye kazi miaka tisa, ndiye aliyesikia mwanzo.

"Dokta," akasema, pua juu. "Wamefika."

"Umewaona?"

"Sijawaona."

Wakaingia. Walikuwa wamealikwa chuo kikuu, na mtu anayealikwa mahali pa heshima huenda amejifukiza. Buibui zilifukizwa, kanga zilifukizwa, nywele zilitiwa mafuta ya mlangilangi, na Bi Mwanakhamis, ambaye hafanyi jambo nusu, alikuwa na kikuba kizima kifuani. Chumba kilijaa udi mpaka Abdulhakim akapiga chafya nne.

Amne alisimama mlangoni, hajui acheke au alie. Alikuwa amewaeleza juu ya vichupa, juu ya kalamu, juu ya kutokula vitunguu. Hakuwaambia wasitie manukato. Yeye ambaye hatii kwa miaka ishirini na sita alisahau kwamba wengine hutia.

"Kosa langu," alisema. "Jaribio haliwezekani leo. Rudini Jumamosi ijayo, na siku tatu kabla, naomba, msitie chochote."

"Siku tatu?" akauliza Bi Mwanakhamis. "Wataka tukae kama wenye eda? Mimi mume wangu yu hai, yupo nyumbani analalamika chumvi!"

"Watasema amekufa," mwenzake akasema.

"Watakuletea ubani wa rambirambi!" akadakia wa tatu.

Wakacheka mpaka wakajifuta machozi kwa pembe za kanga. Bi Maisara peke yake hakucheka. Alimtazama Amne kama anayepima kitambaa.

"Tutafanya," akasema. "Kwa sharti. Sisi siku tatu bila manukato. Wewe, ikimalizika, siku moja nayo. Nitakufukiza kwa mkono wangu, kuanzia kisigino."

"Shangazi, mimi na maabara..."

"Siku moja. Ama tunakwenda zetu."

Amne akakubali.

Jumamosi ya pili walifika wakiwa wanyonge kidogo. Nguo zao ziliachwa chumba cha nje, kwa sababu hakuna kanga Kikwajuni isiyowahi kuona chetezo cha udi, wakavaa makoti meupe ya maabara na vilemba vya shuka mpya zilizofuliwa kwa maji matupu.

"Tazameni madaktari," akasema Bi Mwanakhamis, sauti ikitokea puani. Alikuwa na mafua. Amne alisikia, moyo ukamshuka, lakini kumtoa mtu baada ya orodha kufungwa ni udanganyifu. Akamwacha.

Yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuwemo. Abdulhakim peke yake ndiye aliyejua kichupa kipi kina nini. Amne alikaa ukumbini kwenye benchi, akasikia vifuniko vikifunguliwa na kufungwa. Mzunguko wa kwanza ukapita. Wa pili. Katika wa tatu sauti ya shangazi yake ikapenya mlango.

"Hivi vitatu vyote mbali mbali."

"Haiwezekani, Bi Maisara," akasema Abdulhakim. "Viwili ni sawa."

"Mwanangu, nnakwambia. Hiki kimoja. Hiki kingine. Na hiki kimeoshwa kwa sabuni ya ndimu."

Mlango ukafunguka na Abdulhakim akatoka, uso umempauka.

"Dokta, sabuni yetu isiyo na harufu iliisha Alhamisi. Niliosha vichupa vichache vya mwisho kwa ile ya jikoni. Nikavisuuza mara tano. Mara tano!"

"Vingapi?"

"Sita. Cha kwanza kutumika ndicho hicho alichokishika."

Amne alifunga macho, akahesabu matone. Akiba ilitosha kujaza vichupa sita. Ilitosha sita tu, haikutosha saba.

"Vitupe vyote," akasema. "Chukua vipya kwenye sanduku. Anza upya mzunguko wa tatu na Bi Maisara. Na uandike kilichotokea, neno kwa neno, na sabuni uitaje."

Abdulhakim alirudi ndani. Amne akabaki benchini, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa na hofu. Mashine yake bora, inayotambua vitu vidogo kuliko punje ya vumbi, isingeiona sabuni iliyosuuzwa mara tano.

Saa saba mchana Abdulhakim alileta karatasi. Walihesabu pamoja, mara mbili, kidole juu ya kila mstari. Arubaini na tisa kati ya sitini. Bi Mwanakhamis, na mafua yake, alikuwa amepata mbili. Bi Maisara alikuwa amepata zote sita.

Amne aliingia akawasomea. Vigelegele vilivyopigwa viliwatoa watu ofisi za jirani.

"Mimi nlipata ngapi?" akauliza Bi Mwanakhamis.

"Mbili, bibi."

"Mbili na pua imeziba! Ingekuwa wazi mngenipa cheti."

Bi Maisara alishavua koti. "Twende nyumbani," akamwambia Amne. "Deni."

Jioni hiyo, Kikwajuni, walimsimamisha juu ya chetezo, kanga imemfunika kama hema, moshi wa udi ukipanda kutoka kisigino mpaka kwenye nywele. Akina mama waliimba. Amne, aliyekijua kila kitu kilichomo katika moshi ule kwa jina lake la kemia, hakutaja hata kimoja. Bi Maisara alimalizia kwa kumchomeka kilua sikioni, akarudi nyuma hatua mbili, akavuta pumzi.

"Sasa umeingia," akasema.

Jumatatu asubuhi Amne alifika chuoni ameoga mara tatu. Abdulhakim alikuwa mlangoni, mkono kwenye kitasa, kinyume na adabu zake zote.

"Samahani, Dokta. Leo huingii."

Amne alinusa mkono wake mwenyewe, akacheka. Akarudi kwenye benchi la ukumbini, akafungua kompyuta juu ya magoti, akaanza kuwaandikia wahakiki jibu lao.