Mama Mkwe Alivyozungumza na Oveni

Kwetu, magharibi mwa Kenya, mwanamume na mama mkwe wake hawazoeani. Hawashikani mikono, hawali meza moja, na wakikutana njiani mmoja wao hupinda akapita kwenye nyasi. Ni heshima, nami sina ugomvi nayo. Ila waliotunga desturi hiyo hawakuwahi kuishi katika nyumba ya Handsworth, huku Ulaya, yenye ngazi moja nyembamba, choo kimoja, na jiko ambalo hulifikii mpaka upitie sebule ya nyuma.

Mama mkwe wangu alikuja kukaa nasi majira ya baridi, baada ya kumzika baba mkwe. Kabla hajapanda ndege lilizuka swali: mama atalalaje katika nyumba ya mkwe? Wazee walijadiliana kwa simu, wakakohoa, wakaahirisha. Mwishowe jibu alilitoa yeye mwenyewe. Aliuliza kama nyumba ni yetu. Akaambiwa hapana, tumepanga kwa Mpunjabi anayekaa mtaa wa pili.

"Basi mimi sitalala kwa mkwe," akasema. "Nitalala kwa Mpunjabi."

Kesi ikafungwa. Ningekuwa makini zaidi, ningeelewa tangu siku hiyo ni mtu wa namna gani anayetujia.

Mimi ni fundi wa mabasi, na fundi bila utaratibu hupoteza vidole. Kwa hiyo tuliweka utaratibu. Kabla ya kupanda ngazi nilikohoa. Kama yuko juu alikohoa kunijibu, nami nikangoja chini nikitazama ukuta. Yeye alikula sebule ya mbele, mimi jikoni. Na mke wangu, ambaye ni muuguzi, akiwa kazini, tulizungumza kupitia vitu. Hiyo nayo ni desturi yetu: jambo la mkwe halisemwi usoni pake, linaambiwa kitu kilicho karibu, na mwenyewe anasikia. Nyumbani angeambiwa kuku. Hapa kuku wote walikuwa kwenye friza.

"Wewe ukuta," nilimsikia akisema, "baridi hii imeniingia magotini. Sijui kama nyumba hii ina mtu wa kuwasha joto."

"Birika," nilijibu kutoka jikoni, "joto linawashwa sasa hivi."

Kwa njia hiyo tuliishi vizuri sana. Tatizo lilikuwa moja: mama hakuwa anakula.

Mpishi wa nyumba yetu ni mimi. Nilijifunza kwa vitabu vya maktaba na mizani ndogo ya jikoni, maana sikuwahi kufundishwa na mtu. Mama aliambiwa kwamba anayepika ni binti yake, kwa sababu kula chakula cha mikono ya mkwe lingekuwa swali jingine kwa wazee, na hatukutaka kuwaamsha tena. Nilienda madukani Soho Road nikapata kunde, samaki wakavu, na unga wa rangi aliyoizoea. Nilisonga ugali nikaufinyanga ukawa laini kama shavu. Mama alimega matonge mawili, akafunika sahani. "Nimeshiba," akasema, na kurudi kwenye chai yake. Maisha yake yote ya ndoa alikuwa akimpakulia baba mkwe kwanza, halafu ndipo anakula. Sasa hakukuwa na wa kumtangulia, na mkono haukujua pa kuanzia.

Sketi yake ilianza kufungwa kwa pini. Mke wangu aliitazama ile pini kama anavyotazama chati ya mgonjwa.

"Mama akirudi hivi," aliniambia, "watasema nilimlisha hewa ya Ulaya. Na hilo si kitu. Mimi naogopa hatafika msimu wa kupanda."

Sasa nieleze kuhusu chupa. Gereji yetu hufanya bahati nasibu kila Krismasi, na mwaka huo mimi, mtu pekee asiyekunywa, nilishinda chupa ya bourbon. Wenzangu walicheka hadi wakaketi kwenye matairi. Mke wangu alitaka imwagwe kwenye sinki. Niliomba nafasi ya kusoma kwanza. Nikasoma kwamba bourbon ni wiski ya Kimarekani, kwamba sehemu kubwa yake ni mahindi, na kwamba hulazwa katika mapipa mapya ambayo ndani yameunguzwa kwa moto, na ule mti ulioungua ndio unaoipa harufu ya vanila na sukari iliyokaangwa. Mtu akishasoma hayo hawezi tena kumwaga. Ingekuwa kama kutupa injini kwa sababu hupendi gari.

Nikaoka keki ya kuwapelekea wenzangu. Nililoweka zabibu kavu kwenye bourbon mpaka zikavimba. Nilitumia sukari guru, ile inayouzwa kwa mabonge pale Soho Road, kwa sababu ina ladha ya moshi. Keki ilipotoka ovenini niliitoboatoboa kwa kijiti, nikainyunyizia bourbon nyingine juu, kijiko baada ya kijiko. Watu wengi huamini kwamba moto huondoa pombe yote. Hauondoi yote, na ile inayomwagwa baada ya kuoka haijauona moto hata kidogo. Nilikuwa nalijua hilo. Keki ilikuwa ya mafundi. Niliifunga kwa karatasi ya foili nikaiweka juu ya friji.

Niliporudi siku iliyofuata, mke wangu alinipokea mlangoni huku amenishika mikono yote miwili.

"Mume wangu, mama amekula!"

"Amekula nini?"

"Keki! Alijikatia mwenyewe. Halafu akaitisha ugali, na samaki, na mchuzi akauramba!"

Kutoka sebule ya mbele ilisikika sauti ya mama akiimba tenzi. Aliimba kwa moyo, na kwa kasi kidogo kuliko ilivyoandikwa.

"Keki ipi?" nikauliza.

"Kwani ziko ngapi? Hiyo ya juu ya..." Akatazama juu ya friji. "Hiyo ya gereji."

"Hiyo."

"Uliweka kiasi gani?"

"Vijiko kumi na viwili, ukijumlisha vya juu."

"Yesu wangu! Mama ni mwenyekiti wa akina mama wa kanisa! Aliapa mbele ya askofu kutoonja pombe!" Akaketi kwenye ngazi. "Mwambie."

"Mimi? Kwa desturi gani? Wewe ndiye binti yake."

"Nimwambie mama yangu kwamba amelishwa pombe kwa mkwe?"

"Kwa Mpunjabi," nikamsahihisha.

Alinirushia kiatu chake cha kazini.

Tulikubaliana kwamba nitaoka keki ileile bila bourbon, na mambo yatajitengeneza. Nililoweka zabibu kwenye chai ya rangi. Kwa macho usingezitofautisha keki hizo mbili, na nilijivunia kazi yangu. Mama alikata kipande chembamba, akala nusu, akafunika. Nikajaribu juisi ya machungwa. Akafunika. Nikajaribu maji ya tufaha niliyoyachemsha yakawa mazito kama asali, na vanila halisi, ambayo bei yake sitaitaja mbele ya mke wangu. Hiyo hata hakuikata, aliinusa tu. Na ugali nao ukarudi jikoni kama ulivyotoka.

"Rudisha ile ya kwanza," mke wangu akasema. Pini ya sketi ilikuwa imesogea tena.

"Sirudishi bila yeye kujua. Kumlisha mtu kitu alichokikataa si upishi."

"Basi mwambie."

"Nimekwambia siwezi."

"Basi na tumwangalie akiisha, wewe na kanuni zako!"

Maneno hayo yaliniuma, kwa sababu mwenye kusema alikuwa analia huku akivaa koti la kwenda kazini. Mlango ulipofungwa nilibaki jikoni peke yangu. Nilisikia mama akiburuta kiti katika sebule ya nyuma, karibu na mlango wa jikoni, ambako hita ina joto zaidi. Mlango ulikuwa umeachwa wazi kidogo. Nikaitoa chupa nyuma ya sabuni, nikaiweka mezani, nikaigeukia oveni.

"Oveni," nikasema kwa sauti ya kutosha, "ile keki ya kwanza ilikuwa na pombe. Ilikuwa ya watu wa gereji. Hakuna aliyekusudia kumpa mama."

Hita ilitoa mlio wake wa chuma. Kisha kiti kikalia.

"Oveni," ilijibu sauti ya mama kutoka upande wa pili wa mlango, "mwambie mpishi wako mimi nimelelewa katika nyumba ya mpika pombe ya busaa. Nimekoroga mtungi kabla sijajua kusoma. Au anadhani pua yangu niliiacha Kenya?"

Niliitazama oveni. Oveni nayo ikanitazama.

"Na umwambie," aliendelea, "kwamba binti yangu namjua. Tangu azaliwe hajasonga ugali ukakosa madonge. Tonge la kwanza tu nililoonja hapa, nikajua kuna mwanamume jikoni. Nikanyamaza. Nikasema, huyo ni mpishi wa Mpunjabi."

Nilijishika kwenye ukingo wa sinki nisicheke, kwa kuwa kucheka mbele ya mama mkwe, hata nyuma ya mlango, hakuruhusiwi.

"Oveni," nikasema nilipoweza, "na kile kiapo?"

"Nilikuwepo," alisema. "Nilisimama mstari wa mbele, nimefunga kitambaa kipya. Askofu alisema tuinue mikono tuape kwamba hatutakunywa. Na sijanywa mpaka leo. Kula hakukutajwa."

"Mke wangu anasema ilikuwa kutoonja."

"Oveni, mke wake alikuwa mgongoni mwangu amelala usingizi. Anajua nini?"

Kisha sauti yake ikashuka, na sasa hakuwa anatania.

"Marehemu, kabla hatujaokoka, alikuwa akirudi jioni na harufu ya mahindi yaliyochachuka kwenye koti. Nilimgombeza kwa harufu hiyo mpaka jirani wakaikariri hotuba yangu. Akaacha. Nikafurahi. Siku ile nilipofungua foili, harufu si ileile, lakini ni ndugu yake. Nikakata kipande nimgombeze kidogo." Kiti kikalia tena. "Sina mwingine wa kugombezana naye. Nikaona nile."

Nilifungua mfuko wa unga. Yeye alisikia, bila shaka, kwa sababu sauti yake ilirudi mahali pake.

"Na asiniletee tena ile ya majani ya chai. Ile ni keki ya mtu anayesubiri dripu."

"Oveni, vijiko viwe vingapi?"

"Apunguze kidogo. Ile ya kwanza nilimaliza wimbo nikauanza tena bila kujua."

Niliweka vijiko vinane. Ilipoiva niliikata, nikaweka sahani kwenye kiti cha jikoni, nikakisukuma hadi mlangoni, nikageuka nikatazama dirisha. Mkono ulipita, ukaichukua. Sikusikia sahani ikifunikwa. Nilisikia uma ukigonga, na mara moja sauti ya chini, kwa lugha ya kwetu, ikimwambia mtu ambaye hakuwa oveni kwamba alikuwa mume mzigo, na kwamba koti lile hata kulifua hakukusaidia. Baadaye akauambia mlango kwamba kama kuna samaki, hatakataa.

Siku ya kuondoka hakukuwa na pini. Uwanjani hakunipa mkono, wala mimi sikuutarajia. Aliinamia sanduku lake, akalipiga kofi.

"Sanduku," akasema, "huyu mtu amenitunza."

Alipofika, mke wangu alimpigia simu akaweka sauti wazi. Mama alisema akina mama wa kanisa walikuwa wamemzunguka kama bibi harusi, wakimuuliza amekula nini huko hadi mashavu yakarudi.

"Ukawaambiaje?" mke wangu akauliza kwa hofu.

"Nimewaambia ni keki. Wameomba niwafundishe." Akacheka, nami nikatambua kwamba sikuwahi kukisikia kicheko chake. "Nimewaambia ile si ya kila mtu. Ile ni ya waliokomaa katika imani."

"Mama!"

"Usinipigie kelele. Oveni iko karibu?"

Mke wangu alinitazama. Nilifungua mlango wa oveni, nikamshika mkono, nikauelekeza na simu yake ndani.

"Iko hapa, mama," akasema.

"Haya," sauti ikatoka kule ndani, ikivuma kidogo kwenye bati. "Oveni, hujambo? Nakuja tena mwaka ujao. Mwambie asiimalize chupa."