Mume Wangu Aliivunja Bembea, Sasa Kila Alasiri Ananiomba Nimpeleke

Admin, jina langu lisionekane tafadhali. Hata majina ya hapa chini nimeyabadilisha, maana wanangu wote wamo humu. Mimi ni bibi wa miaka sabini na sita, naishi Kilosa, upande wa Tindiga. Mume wangu ana themanini na tatu. Najua wengi wenu ni vijana mnaolilia mapenzi. Na mimi nalia, ila machozi yangu ni ya zamani, yameshachacha.

Nilizaliwa kwenye shamba la mkonge karibu na Kimamba. Mwenye shamba, Mgiriki, aliwajengea watoto wake uwanja wa michezo: bembea za minyororo, mtelezo wa bati, na bembea kubwa ya kuzunguka yenye farasi wa mbao waliopakwa rangi. Haikuwa na injini, ilisukumwa na watu, na mmoja wa wasukumaji alikuwa baba yangu. Wiki nzima anakata mkonge, Jumapili anawazungusha watoto wa Kizungu, sisi tumeshika seng'enge tunaangalia. Mahali pale tulipaita Bembeani.

Ukaja Uhuru, likaja Azimio, shamba likawa la serikali. Mgiriki akaondoka na lango la Bembeani likafunguliwa. Mtadhani watoto ndio waliokimbilia. Wapi! Watu wazima, wakata mkonge wenye mikono iliyochanwachanwa na miiba, akina mama na khanga zao, kila Jumamosi wamepanga foleni. Siku ya kwanza wenzake baba walimpandisha juu ya farasi wakamsukuma yeye. Alicheka mpaka akalia. Akamkumbatia yule farasi shingoni, akakataa kushuka. Sikuwahi kumwona hivyo kabla wala baadaye, maana mwaka haukuisha akafariki. Basi nikimkumbuka baba nilikuwa siendi makaburini, naenda Bembeani.

Hata mume wangu nilimpata huko. Alikuwa karani wa shamba, amekaa juu ya farasi wa pembeni yangu, tunazunguka, akaniuliza, "Nikileta barua kwenu, utanikataa?" Nikamwambia, "Lete kwanza tuone." Tukaoana. Mtoto wetu wa kwanza, wa kiume, alifariki hata arobaini hajatimiza. Nililia kimya kimya, ndivyo nilivyolelewa.

Kisha tukahamishiwa kijiji cha Ujamaa, jirani na shamba lile lile, na mume wangu akachaguliwa katibu. Kijiji hakikuwa na ofisi wala ghala. Kwenye mkutano yeye mwenyewe akatoa wazo kwamba Bembeani pavunjwe, mbao zijengee ofisi, vyuma vikafuliwe majembe. Nikainuka mbele ya kijiji kizima, nikapiga magoti. Nikasema, "Ndugu Katibu, chukueni vyote, mtuachie ile ya farasi tu. Watu wanaipenda."

Akawageukia watu. "Ndugu wananchi, mnamwona mke wangu? Mtoto wetu alipokufa hakupiga magoti. Leo anawapigia magoti farasi wa mbao."

Watu walicheka. Na yeye akacheka. Nilinyanyuka, nikakung'uta vumbi, nikaenda kupika. Kesho yake wakaenda na mashoka.

Nilimzalia watoto wanne, nikampikia, nikamfulia, nikamuuguza, na miaka yote hiyo Bembeani sikupataja mbele yake. Mwenyewe alidhani nimesahau. Siku moja aliwahi kuwaambia wageni kwamba mimi sina kinyongo.

Mwaka juzi maradhi ya kusahau yakamwanza. Alianza na majina ya wajukuu, sasa hajui hata kama alipata kuwa katibu. Lakini kila alasiri, akishaswali, anavaa viatu, anashika mkono wangu: "Mama Zuhura, twende Bembeani tukapande." Mwanzoni nilikuwa namwambia tutakwenda kesho. Siku moja, sijui nini kilinipata, nikamwambia, "Bembeani hapapo. Ulipavunja wewe kwa mashoka." Alilia kama mtu aliyepewa habari ya msiba. Kesho yake amesahau, amevaa viatu, ananishika mkono. Nikamwambia tena.

Ndugu zangu, ni mwaka sasa namwambia kila siku, na kila siku kwake ni habari mpya. Nisiwadanganye, kuna raha ninayoisikia. Adhana ya alasiri ikilia, moyo wangu unachangamka.

Wiki iliyopita binti yetu Zuhura alikuja kutoka Morogoro akalisikia. Akaniambia, "Mama, shikamoo yangu nakupa, lakini hiki ni kitu gani? Mdanganye tu, mwambie kesho." Nikamjibu, "Mimi sikudanganywa. Nilichekwa." Akanitazama kama hanijui.

Jana nikajaribu kulegeza. Alipouliza, nikamwambia Bembeani palivunjwa na katibu mmoja wa kijiji.

Akakaa kitako. "Katibu gani huyo? Hakuwa na mke wa kumkataza?"

"Alikuwa naye. Mke huyo alimpigia magoti mbele za watu."

"Akafanyaje?"

"Akamcheka."

Mume wangu akainua mikono yake miwili juu. "Mtu huyo, Mungu asimsamehe."

Na mimi, mbele ya mume wangu wa ndoa, nikaitikia, "Amina." Kugeuka, Zuhura yuko mlangoni.

Leo asubuhi amerudi Morogoro, anasema Jumamosi anakuja na gari kumchukua baba yake. Mzee huyu hali chakula ila cha mkono wangu, nikitoka kwenda kisimani tu analia mpaka nirudi. Huko Morogoro hatamaliza mwezi, na Zuhura naye analijua hilo. Ameniambia nikitaka abaki, niape mbele yake kwa Msahafu kwamba sitamwambia tena. Mimi sijawahi kuapa kwa uongo maishani mwangu, na najijua: alasiri ikifika, nitasema.

Mlioko huko ambao hamnijui, niambieni. Niape, au nimwache aende akafe?