Mkwe Amevaa Kaptura

Kwetu Bungoma, mama mkwe hatazami mapaja ya mkwe wake. Hamshiki mkono, hali naye meza moja, na wakikutana njiani mmoja wao huingia kichakani mpaka mwenzake apite. Nimezaliwa katika hayo, nikamwona mama yangu akiyatimiza bila kunung'unika, na nilipohamia Brooklyn Park, Minnesota, huko Marekani, kufanya kazi ya kuwaogesha wazee wa watu, niliyabeba pamoja na sufuria zangu. Kazini nimetazama mapaja mengi kuliko ninavyoweza kumweleza mchungaji. Lakini mgonjwa ni mgonjwa, na mkwe ni mkwe.

Basi binti yangu wa pekee akaenda kumpata Mwaustralia. Sikulalamika. Alikuwa kijana mpole, mhandisi wa madaraja, mwenye pua iliyobabuka kwa jua hata mwezi wa Novemba. Alikuja nyumbani kwangu mara nne. Mara zote nne nilimpikia, nikampelekea chakula kwa mkono wa binti, kisha nikaenda kula jikoni huku nikimsikia akiisifu sukuma wiki. Akiaga alininyooshea mkono, nami ghafla nikawa na unga viganjani. Mara ya nne sikuwa hata nimepika kitu cha unga.

Alhamisi moja binti alinikalisha kitini kama yeye ndiye mama.

"Mum, he thinks you hate him."

"Nimchukie kwa nini? Si nampikia?"

"Nimemwambia ni respect. Ananiuliza, ni respect gani hiyo ya kum-avoid mtu? Anasema hawezi kuingia kwa familia yenye mama hata hamuangalii. Mum, ameniambia tu-postpone harusi."

Aliposema hivyo sauti ilimkatika, nami nikaogopa kweli. Binti huyu halii ovyo. Nikamuuliza anataka nifanye nini.

"Jumamosi ana game. Kuja tu umu-watch. That's all."

Nikakubali. Kumtazama mtu kutoka mbali, tena kati ya watu wengine, niliona si dhambi. Hakuna aliyeniambia mchezo wao huvaliwa nini.

Nilikwenda na rafiki yangu wa kwaya, mama mmoja Mkongomani wa Bukavu anayekaa Frogtown. Tunaimba sauti ya pili pamoja na tunagombana kila wiki. Tulipanga viti vyetu ukingoni mwa uwanja huko Saint Paul, tukafungua chupa ya chai na sambusa, binti akaketi katikati yetu. Timu yetu ikaingia. Mkwe alikuwa wa tatu. Alikuwa na fulana isiyo na mikono na kaptura ambayo ningeweza kumshonea mtoto wa darasa la pili, na ingembana.

Nilisimama, nikageuza kiti changu, nikaketi tena nikiwa nimeyaelekea magari.

"Mum! Unafanya nini?"

"Natazama."

"You're watching the parking lot!"

"Basi nasikiliza. Hata redio watu husikiliza."

Binti aliweka uso wake mikononi. Rafiki yangu alikuwa anacheka hadi chai ikamwagika.

"Weye kaa tu," alisema. "Mi nitakuelezea yote."

Ndivyo nilivyoufuata mpira wa Kiaustralia, kwa mdomo wa mtu ambaye hakuwa ameuona hata siku moja. Aliniambia mpira wenyewe una umbo la papai. Aliniambia hauna kipa wala wavu, ila nguzo nne zimesimama pale mwisho, na mzee wa koti jeupe anapeperusha bendera kila mara kama anayewaaga watu stesheni. Ukiupitisha mpira kati ya nguzo za katikati unapata sita. Ukikosea kidogo, ukapita pembeni, unapata moja.

"Unasema wanakupa pointi kwa kukosa?"

"Ndiyo! Hii mchezo iko na huruma, ma chère."

Huruma yenyewe haikuonekana. Wageni walikuwa wametoka jimbo jingine kwa magari matatu, na mawili tu ndiyo yaliyofika. Walikuwa pungufu, wawili walikuwa wamefunga magoti kwa bendeji, na mmoja, kwa maelezo niliyopewa, alikuwa na umri wa shemasi wetu. Timu yetu iliwala kama mchwa. Sita, sita, moja, sita.

"Mkwe wako iko na mupira! Anamupanda mwenzake ku mabega, sawa mutu anachuma avoka! Ameudaka! Anapiga! Sita!"

Nikapiga makofi, uso ukiwa kwa gari la kijani lililoegeshwa mbele yangu.

Ilipofika mapumziko tulikuwa na sabini na kitu, wao nne. Hapo nikasikia kitu cha ajabu: mashabiki wetu walikuwa wamenyamaza. Watu wa Minnesota wakishinda kidogo hufurahi, wakishinda sana huona haya, kama mtu aliyejipakulia nyama yote halafu akagundua wageni bado wananawa. Robo ya tatu ya mchezo walianza kuwashangilia wapinzani. Mgeni akiangusha mpira, wanamwambia amejaribu vizuri. Akianguka mwenyewe, wanapiga makofi.

Sisi wawili hatukujua adabu hiyo. Nilipokulia, ukimfunga jirani magoli mengi unamfanyia matanga papo hapo, na yeye anakungoja mwaka ujao akufanyie yako. Rafiki yangu aliinuka akaanza wimbo wa mazishi, ule wa polepole, na mimi nikaingia na sauti ya pili bila kugeuka. Tuliwazika wale wageni kwa heshima zote. Waaustralia waliokuwa nyuma yetu waliona ni baraka fulani ya Kiafrika, wakavua kofia.

Robo ya mwisho binti akasema kwa sauti ndogo, "Oh no. Wame-lend players."

Alinieleza kwamba nahodha wetu ameona aibu, amewaazima wageni wachezaji watatu ili mchezo umalizike kiungwana. Mmoja wao ni mkwe. Ameshabadilisha fulana.

"Mkwe wangu ameazimwa? Kama kiti cha harusi?"

Nilikasirika kuliko inavyofaa kwa mtu ambaye hakuwa ameona hata dakika moja ya mchezo. Rafiki yangu naye aliendelea kushangilia kama kawaida, sita zinaingia, naye vigelegele.

"Unashangilia nani?" nikamuuliza.

"Équipe yetu."

"Mkwe wangu yumo?"

"Hayumo."

"Basi si yetu. Funga mdomo."

Hakufunga. Tulivutana hivyo kwa muda, mimi nikiishangilia timu yenye pointi nane dhidi ya mia moja thelathini, yeye akinisomea rambirambi. Kisha nikasikia kishindo. Kilikuwa kizito, cha mwili kugonga mwili, na watu wote uwanjani wakavuta pumzi kwa pamoja. Nikangoja maelezo. Rafiki yangu, ambaye hajawahi kunyamaza hata wakati wa sala, alikuwa kimya.

"Kuna nini?" nikauliza. "Ni nani? Nyinyi, ni nani?"

Binti alikuwa amesimama. Sikumbuki kufikiri juu ya mama yangu wala juu ya Bungoma. Niligeuka na kiti changu kikaanguka.

Alikuwa chini. Kisha akainuka kwa kutambaa, ana damu mdomoni na nyasi masikioni, akapewa mpira apige peke yake bila kuzuiwa. Wote walirudi nyuma wakamwachia nafasi. Alisimama pale katika fulana ya watu walioshindwa, akautazama umati kabla ya kupiga, na macho yake yakanikuta nimesimama wima nikimtazama, yeye na mapaja yake yote mawili.

Akapiga. Mpira ukagonga nguzo. Yule mzee wa koti jeupe akainua bendera moja: pointi moja, ile ya kukosa.

Nilipiga vigelegele ambavyo sijavipiga hata siku binti yangu alipohitimu. Mia moja thelathini kwa tisa, na mimi narukaruka kama tumechukua kombe. Kwanza watu wote walinigeukia. Kisha Waaustralia wakaanza kucheka, kofia zikarushwa juu, honi za magari zikapigwa, na wale wageni hoi wakamkimbilia mkwe wangu wakamlalia kwa furaha ya pointi ile moja. Rafiki yangu aliniambia nimemwaibisha mbele ya wazungu, kisha naye akapiga cha kwake.

Filimbi ya mwisho ilipolia, nilimwona anakuja kwetu, na haya zote zikanirudia kwa mkupuo. Niliokota kiti changu, nikakielekeza tena kwenye magari, nikaketi na mikono mapajani. Nilisikia binti akimnong'oneza kwa haraka. Nilidhani atazunguka aje mbele yangu, na nilikuwa tayari kufumba macho. Hakuja mbele. Aliketi chini kwenye nyasi nyuma yangu, akanigeuzia mgongo wake, mpaka nikausikia ukigusa kiti changu. Alikuwa bado anahema.

"Mama," alisema, kwa Kiingereza chake cha kuvuta. "Ulinitazama."

Hakuwa ananilaumu. Alikuwa anauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeogopa jibu. Nilimpenda pale pale, bila kumwona.

"Nimekutazama, mwanangu," nikamwambia. "Sasa nenda ukavae suruali, uje tule."