Mikono Magotini

Mimi ni kiziwi, halafu ni mpiga picha, halafu nina hasira za karibu. Mteja anayeingia studio yangu hapa Chanika, Handeni, huyagundua hayo matatu kwa mpangilio huohuo, na akifika kwenye la tatu huanza kutazama mlango. Masikio yaliondoka na homa nikiwa na miaka mitano. Hasira, mama anasema nilizaliwa nazo.

Kuongea naongea. Sauti ilibaki, ila sijaisikia tangu utotoni, kwa hiyo sijui imekuwaje huko nje. Mdogo wangu wa kike, ambaye adabu yake ni ndogo, aliwahi kuniandikia kwamba nikisema "kaa vizuri" natoa sauti ya mtu anayefukuza ng'ombe kwenye mahindi. Wateja nawasoma midomo, na wakinishinda nawapa daftari. Wengi hawalitaki, wanaona bora wapige kelele. Naona mishipa ya shingo inasimama, naona mate yanaruka, na jirani wa duka la vitambaa anachungulia ajue nani anauawa. Nasubiri wamalize, kisha nawasukumia daftari tena.

Lakini jamani, nilikuwa najiona! Nilikuwa nawaambia watu kwamba kiziwi ndiye mpiga picha wa kweli, kwa sababu wenzangu wanadanganywa na maneno ya mtu, mimi nausoma uso wenyewe. Nilisema hivyo harusini, nilisema hivyo kwenye foleni ya benki, popote penye mtu wa kunivumilia. Wapo walioitikia kwa kichwa. Sasa hivi nadhani walikuwa hawaelewi ninachosema.

Sheria kuu ya studio yangu ilitokana na aibu. Kabla ya kubonyeza huwa nahesabu kwa vidole, kimoja, viwili, vitatu, ili mtu ajiandae. Mwaka wangu wa kwanza ilikuja kwaya, watu kama thelathini na sare zao za zambarau. Ndani hawakuenea, nikawapanga nje. Nikahesabu, nikabonyeza, macho yangu yote yakiwa kwenye jua lililokuwa linanisumbua. Picha zilipotoka, lo! Kwaya nzima, kuanzia soprano mpaka besi, imeinua vidole vitatu. Waliniiga! Walidhani ndiyo staili ya mjini. Na ulikuwa msimu wa kampeni. Mwalimu wa kwaya alirudi uso umekunjamana, akachukua daftari bila kulazimishwa, akaandika: "Kaka, hii ni ishara ya chama gani?"

Mimi msoma nyuso nilikuwa sijaona vidole tisini.

Tangu siku ile nikabandika ukutani, kwa herufi nyekundu: MIKONO MAGOTINI. Wazee walifurahi, maana ndivyo walivyopigwa picha enzi zao, mgongo wima, viganja juu ya magoti, uso kama wa kitambulisho. Vijana walinung'unika, nikakaza. Aliyeinua mkono nilimfuata nikaushusha mwenyewe.

Aliyenishinda alikuwa mmoja tu, mzee mfugaji aliyetoka huko mbugani na binti yake. Alikaa na fimbo mkononi. Nikamwamkia kwa heshima zote, nikamwomba fimbo niiegemeze ukutani. Akakataa. Nikamwonyesha tangazo. Akalitazama kwa upole, akaishika fimbo vizuri zaidi. Binti yake akaandika kwenye daftari: "Baba anasema bila fimbo utakuwa umempiga picha mtu mwingine." Nilinuna. Nilimpiga picha akiwa na fimbo yake, nikamkabidhi, na nikaendelea kuamini kwamba ameniharibia kazi.

Sasa mama.

Mama ni Mshambaa wa Bungu, mkulima wa maharage na mahindi. Masikio yangu yalipoondoka hakukuwa na mtu wa kumfundisha lugha ya alama, basi akaitunga ya kwake. Chai ilikuwa kidole kinachokoroga kiganjani. Mvua, baba amekasirika, njoo ule, muongo wewe: yote aliyatengeneza, jikoni, shambani, njiani. Mdogo wangu anaijua nusu. Nusu nyingine duniani tunaijua watu wawili. Nilipopelekwa shule ya viziwi nikajifunza alama za vitabuni, na likizo ya kwanza nikarudi nyumbani kumsahihisha mama. Ndiyo, mimi, mtoto wa darasa la kwanza. Akanitazama mpaka nikamaliza somo langu lote, kisha akaniambia kwa alama zake nikachote maji.

Hata jina alinitungia. Anaweka kidole chini ya mdomo wa chini na kuusukuma nje, kwa sababu nilikuwa mtoto wa kununa. Hilo ndilo jina langu. Sasa, mtoto kiziwi huwezi kumwita. Mama alikuwa anasimama uani, anafanya ile alama, halafu anaishikilia hivyohivyo mpaka nigeuke. Kuna siku nilimwona kwa pembe ya jicho nikajifanya sioni. Alibaki amesimama na mdomo wake nje, wapita njia wanamshangaa, mpaka nikaona aibu mimi.

Na kila nilipopanda Bungu na kamera nilimpiga picha kwa mujibu wa sheria. Ninazo zaidi ya kumi. Zote mikono magotini, mwanga safi kabisa.

Mwaka jana mdogo wangu akaniandikia kwenye simu: "Kaka, mama alianguka. Nimemleta huku kwangu Korogwe. Mkono wa kulia hauinuki vizuri. Daktari anasema ni kiharusi, na kinaweza kurudi. Njoo."

Niliogopa. Na niseme ukweli, nilichokiwaza kwanza ni mkono, mama nikamwaza baadaye. Mkono ule ukienda, nani ataongea nami? Nani ataniita? Niliona haya kuwaza hivyo, lakini ndivyo nilivyowaza, nimesimama katikati ya studio huku mteja wa paspoti akinipungia nimtazame.

Shikamoo yetu mimi na mama ni ya kuinama. Nainamisha kichwa, ananiwekea kiganja cha kulia utosini, tumemaliza. Siku ile nilipoinama mbele ya kiti chake pale Korogwe, nilisubiri zaidi ya kawaida. Ukaja mkono wa kushoto, ukatua nusu utosini nusu sikioni. Nilibaki nimeinama, sikutaka auone uso wangu.

Mtu mwenye akili angekaa hapo ashike ule mkono. Mimi nilifungua begi. Nilikuwa nimebeba taa, kitambaa cheusi cha kutundika nyuma, kila kitu. Nilitaka picha moja kubwa ya mama, ikitokea lolote iwepo. Nikaburuta kiti mpaka dirishani, nikamnyoosha mgongo, nikamtengeneza mtandio. Mkono wa kulia niliuchukua nikauweka gotini, ukakaa. Wa kushoto ukainuka. Nikaushusha. Ukainuka tena.

"Mama, mikono!" nikasema, kwa ile sauti ya ng'ombe, maana mdogo wangu alitoka jikoni mbio na mwiko wake.

Mama akashusha mkono. Nilipiga picha ishirini.

Nilimpelekea kamera azione. Alizitazama moja baada ya nyingine, hana haraka. Kisha akauliza kwa mkono wa kushoto, polepole, maana mkono huo haukuwa umezoea kuongea: "Huyu nani?"

Nikamwambia ni wewe. Akatikisa kichwa. Akaweka kiganja mdomoni pake, akakikandamiza, halafu akaninyooshea kidole.

Alama hiyo haikuwa kwenye lugha yetu, ila niliielewa palepale. Miaka yote namziba mdomo. Mimi, kiziwi, mwenye makelele kwamba watu hawanisikilizi, namkalisha kwenye kiti mtu pekee anayeongea kwa mikono kwa ajili yangu, namwamuru aifungie magotini, halafu namwambia asante mama, umetoka vizuri. Nikamkumbuka yule mzee na fimbo yake. Ningekuwa na adabu ningemwendea huko mbugani nimwombe radhi.

Badala ya kumwomba mama radhi, nilifanya nini? Nilinuna! Mtu mzima, mwenye studio yake. Nikampa mgongo, nikaanza kufungasha. Nikakunja kitambaa, nikakikunjua, nikakikunja tena, nazungusha waya wa taa mkononi, machozi yananitiririka, na kadiri yalivyotiririka ndivyo nilivyozidi kuwa na hasira na ule waya. Sijui ilipita dakika ngapi. Sakafu ikatikisika miguuni pangu. Alikuwa mdogo wangu, amepiga mguu chini ili nigeuke.

Nikageuka.

Mama alikuwa kwenye kiti chake, kidole cha kushoto chini ya mdomo, mdomo umesukumwa nje. Mkono ulikuwa unatetemeka kwa uchovu mpaka kiwiko. Hakuushusha. Mdogo wangu aliniambia kwa midomo, taratibu, nisome vizuri: "Tangu ulipompa mgongo."

Nilipiga moja tu. Sikuhesabu, sikurekebisha taa, nusu ya uso iko kizani na pembeni linaonekana begi langu limeachama. Mkono wa kulia umelala gotini, kama sheria inavyotaka. Wa kushoto ulikuwa unatetemeka, lakini kwenye picha umetulia, sijui kwa bahati gani.

Niliporudi studio nililibandua tangazo la herufi nyekundu, hiyo picha ndiyo iko hapo. Wateja sasa wananipungia, wanaiga vidole vyangu, wanafanya wanavyotaka. Mwalimu wa kwaya bado ana mashaka nami.

Juzi alikuja bibi mmoja kupiga picha ya bima. Akaitazama ile picha ukutani, akaangua kicheko, kisha akaandika kwenye daftari: "Huyu mama mbona anavuta mdomo?"

Nikamwambia ananiita.

Akaitazama tena, safari hii bila kucheka. Akanitazama mimi, akachukua kalamu: "Sasa mbona umekaa?"

Nilimpiga picha yake ya bima, nikafunga studio kabla ya adhuhuri, nikaenda Korogwe.