Fundi Anayeing'ata Pikapu

"Mwenzangu, yule mzee analing'ata gari," mshonaji alisema, pini mbili zikiwa zimebanwa pembeni mwa mdomo. "Sisemi nimesikia. Nimeona, siku zile kabla hajaishusha injini. Kaingiza kichwa ndani ya boneti, kakazana kama mbwa na mfupa."

Mama kijana aliyeleta gauni lake lipunguzwe alicheka, akamkaza mtoto mgongoni. "Labda alikuwa anafungua kitu kwa meno."

"Fundi mzima, na spana zote zile? Acha bwana. Upweke umemfika kichwani. Na bado ana maringo! Mwaka mzima namsalimia, ananipita kama nguzo ya umeme. Nimeacha. Shikamoo zangu siziokoti barabarani."

Mama kijana alimkabidhi gauni. Mzee huyo alikuwa jirani yake, wametenganishwa na ua wa mabati tu. Alikuwa fundi magari tangu ujana wake, na mtaa mzima ulimwita Spana. Tangu mkewe afariki, nyumba ile ilibaki na sauti moja, chuma kikigonga chuma. Alikuwa ameishusha injini ya pikapu yake kuukuu, akaifungua yote, akawa anaisafisha na kuifunga upya, taratibu, kwa mkono wake mwenyewe.

Kutoka kwenye kamba ya kuanikia nepi, mama kijana aliona juu ya ua hadi sebuleni kwa mzee. Meza ya kulia ilikuwa na viti vinne, na mbele ya kila kiti mzee alisimamisha pistoni moja, maana kila pistoni lazima irudi kwenye silinda yake, haibadilishani na mwenzake. Vali alikuwa amezichomeka kwenye matundu ya boksi la katoni, kila tundu na namba yake. Jioni mzee alivuta kiti cha tano kutoka jikoni, akala na sahani yake magotini, pistoni zikimtazama. Mama kijana, ambaye mumewe alikuwa safarini mwezi wa tatu sasa, alijua kula kwa namna ile. Alishusha nepi zake na kuingia ndani bila kugeuka nyuma.

Siku chache baadaye mtoto wa kiume wa Spana alifika. Alisimama uani, macho kwenye simu. "Baba, nakupa hadi Jumamosi. Hilo gari likiwaka likatulia, baki nalo, ubaki na nyumba yako. Likigoma, mtu wa vyuma chakavu alibebe, na mimi nikubebe wewe."

"Ndiyo, mvua itanyesha tu," mzee alijibu.

Mama kijana alibana kicheko kwenye kamba yake. Alidhani ni kejeli. Kijana akainua uso, akayarudia maneno yale yale, neno kwa neno, kwa hasira. Hapo ndipo mzee akaitikia kwa kichwa.

Ijumaa mchana injini iliwaka. Iliunguruma hadi mabati ya ua yakatetemeka, na mtoto mgongoni akaangua kilio cha kupasua anga. Mama kijana alichungulia. Juu ya kikanyagio cha mafuta kulikuwa na tofali. Spana ameinama, ncha ya bisibisi ndefu iko ubavuni mwa injini, mpini ameung'ata kwa meno, macho kayafumba. Mtoto alilia hatua nne nyuma yake. Mzee hakugeuka, hakushtuka, hakupepesa jicho.

Mama kijana akasimama pale na nepi mbichi mkononi. Maringo ya mwaka mzima! Kumbe mtu hakuwahi kusikia hata shikamoo moja.

Akazunguka, akapita getini, akaenda kusimama mbele yake, uso kwa uso.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu! Marahaba!" Aliitikia kwa sauti kubwa na kwa haraka, kama mtu aliyekuwa na deni la siku nyingi.

"Baba, husikii?"

Spana aliusoma mdomo wake, kisha akatazama getini kama kuna mtu aliyewafuata. "Nasikia kwa meno," alisema. "Lakini meno yananiambia kuna kelele tu, hayaniambii iko wapi. Masikio yalinikimbia zamani, marehemu akawa ananisikilizia. Alikaa pale kwenye usukani, akakanyaga mafuta, akachungulia dirishani nimsome mdomo, 'Silinda ya tatu inalalamika, mume wangu!' Sasa nina tofali. Tofali halina ushauri."

"Kuna kitu kinagonga. Tak, tak, tak. Huku mwisho."

"Vali hiyo. Imelegea kidogo. Nikiiacha, kesho itapiga kelele mbele ya kijana wangu, naye anajua sauti ya injini mbovu. Nimemlea gereji."

Basi wakafanya kazi kwa vidole. Mzee alilegeza nati, akakaza skrubu kwa robo ya robo, mafuta ya moto yakimrukia mikononi. Mama kijana aliinua kidole: bado. Bado. Umezidisha, rudi nyuma. Bado. Kisha akakunja ngumi, na mlio ukawa mmoja, laini, kama cherehani inayopita kwenye kitambaa chepesi. Mzee akaung'ata tena mpini wa bisibisi. Alikaa hivyo muda mrefu.

Alipoizima injini, alifuta kidole kimoja kimoja bila kuinua kichwa.

"Kesho akija ataongea macho kwenye simu, kama kawaida. Mdomo wake siuoni. Akigundua sisikii, hata injini ikiimba, atanichukua tu."

"Si umwambie ukweli, baba? Ni mwanao."

"Si mtoto mbaya. Lakini kule kwake wako saba mezani, wote wanaongea. Nitakaa katikati yao nisiambulie neno. Hapa angalau nikiwa kimya, niko peke yangu." Akamtazama sasa, mdomoni, akisubiri hata kabla hajauliza. "Mwanangu, njoo kesho usimame hapa kwenye taa ya mbele, ninapokuona vizuri. Kila atakachouliza, kirudie wewe, polepole, kama vile unajiuliza mwenyewe. Utanifanyia?"