Moteri ya Marehemu Faradji

Faradji alikufa moteri ikiwa wazi. Kichwa cha mashini kilikuwa juu ya mkeka, bulo zake, zile skrubu nene za kukifungia, ndani ya sufuria ya wali. Homa ilimkamata mwenyewe alasiri, akasema anajilaza kidogo, basi akalala moja kwa moja. Waliomzika walirudi, wakanawa mikono, wakala, halafu macho yote yakageukia ile motokari iliyokaa uani imefunua kinywa kama kiboko anayengoja kulishwa.

Ulikuwa wakati wa Wabelgiji, pamba inalimwa kwa fimbo na barabara inafagiliwa kwa fimbo. Mtu mweusi mwenye motokari pale Kasongo ungemhesabu kwa kidole kimoja, na kidole chenyewe ndiye Faradji. Aliinunua kwa mzungu aliyekuwa anarudi kwao amechoshwa na mbu. Inasemekana mzungu yule alicheka kutoka nyumbani kwake mpaka kwenye maji ya Lualaba, kwa furaha ya kuiacha, na viboko wakamwitikia. Lakini Faradji aliifanya itembee. Alipeleka chumvi na nguo Kabambare, akarudi na mpunga na karanga, na pembeni yake alikaa mkewe Hawa.

Hawa hakukaa kama mzigo. Faradji alikuwa na donda la mguu lisilopona, kwa hiyo penye vilima yeye alishika usukani na Hawa alikanyaga vyuma vya chini. Waliendesha wawili kama watu wanaotwanga kinu kimoja.

Marehemu alikuwa na ndugu, jina lake Abedi, mwenye duka kule Kabambare na tumbo linalofika mahali kabla yake. Abedi hakuficha nia. Aliwaambia wazee wa msikiti kwamba motokari imekufa na mwenye motokari amekufa, hivyo chuma kiende kwa wahunzi kikawe majembe, na mjane aje kwake Kabambare, maana Hawa hakujaliwa mtoto na mwanamke peke yake nyumbani ni aibu ya ukoo. Alisema hayo barazani, na Hawa alikuwa ndani, nyuma ya ua wa matete, ameshavaa nguo nyeupe za eda.

Sauti ikatoka kwenye matete.

"Shemeji, moteri haijafa. Imefunguliwa tu. Hata wewe ukifunguliwa tumbo hutatembea."

Wazee walikohoa ili wasicheke. Walishauriana, wakatoa neno. Eda ikiisha, motokari ikitoka uani kwa nguvu zake yenyewe ikafika mlangoni pa msikiti, ni fungu la Hawa katika mirathi, na atakaa kwake apendavyo. Isipofika, Abedi achukue chuma, na Hawa afunge mizigo aende Kabambare. Abedi alikubali haraka sana. Mwanamke wa eda havuki kizingiti, haendi sokoni, hakai na fundi mwanamume. Na barabara ya kwenda msikitini inapanda.

Hawa naye alikubali. Kisha akakunja mikono ya ile nguo nyeupe.

Miguu yake katika mji ule ikawa ya jirani yake, Émérance, mke wa Zéphirin. Hao walikuwa Wakristo wa kwa mapadri, wakulima, watu wa pale tangu zamani. Émérance alikuwa na mdomo ambao mapadri wenyewe waliuogopa siku ya maungamo. Ndiye aliyetoka, akaleta, akapeleka. Pamba aliyotakiwa kuipeleka kwenye mizani ya serikali aliipunguza kila jumapili, akaichomeka ndani ya kitambaa cha kichwa, mpaka kichwa chake kikawa kikubwa kama mzinga wa nyuki. Alisema tangu aanze kulima pamba, hii ndiyo mara ya kwanza kuiona inafanya kazi ya maana, kufuta vyuma vya Hawa.

Kosa la kwanza Hawa alilifanya kwa usafi wake. Alikuta ndani ya tumbo la moteri mafuta meusi tii, na yeye hakuwahi kuacha kitu cheusi ndani ya chombo. Akayamwaga yote. Émérance akayabeba kwenye kibuyu akapake nguzo za nyumba yake, mchwa wasile. Sasa moteri imebaki kavu, na dukani hakuna wa kumuuzia mjane mafuta ya mashini. Hawa akatazama jikoni. Mawese yalikuwepo, mekundu, mazuri, yamekamuliwa juzi. Mafuta ni mafuta, akasema, akamimina mtungi mzima.

Mchana ule alipozungusha manivela, chuma kile cha mbele cha kuamshia moteri, mashini ilizunguka laini kuliko siku zote. Hawa alicheza uani peke yake. Asubuhi, kwenye ubaridi, akashika manivela tena. Haikwenda. Akaning'inia juu yake na uzito wote. Haikwenda. Émérance akaja, wakaning'inia wawili, motokari nzima ikainama mbele kama inasujudu, lakini manivela haikutikisika. Mawese yalikuwa yameganda ndani, mazito kama uji wa jana. Wakawasha moto wa makaa chini ya tumbo la mashini ili yayeyuke, na harufu ikatoka ikapita juu ya matete. Inasemekana mbwa wa mji mzima walikuja kukaa mlangoni kwa Hawa, na msafiri mmoja kutoka Lusangi alibisha hodi akiuliza sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, inauzwaje.

"Yaya Hawa," alisema Émérance, macho yamejaa machozi ya moshi, "kama hii kitu itakataa kutembea, tutakula."

Hawa hakucheka. Alikaa chini, mikono myekundu mpaka viwiko, akaona kwamba angekuwa na mume mjuzi angemlaumu mume, na angekuwa na fundi angemlaumu fundi, lakini hapa mpumbavu alikuwa mmoja tu uani na alikuwa amevaa nyeupe. Basi akamlaumu huyo, akammaliza, akainuka. Toka siku ile hakutia kitu ndani ya moteri kabla ya kujiuliza kitakuwaje kikilala. Kibuyu cha Émérance kilirudi na mafuta meusi yaliyobaki, wakayachuja kwa pamba ya serikali. Mengine Émérance aliyapata kwa dereva wa kamio la pamba, akamlipa kwa wali na kuku, na maneno matamu ambayo Zéphirin hakuambiwa.

Abedi alikuwa anapita kila alipokuja Kasongo kununua bidhaa, anasimama nje ya matete anavuta pumzi. Siku moja alikwenda kumshitaki Hawa kwa mwalimu wa msikiti. Alidai mwanamke wa eda haruhusiwi manukato, na huyu ananuka esanse, petroli ya motokari, kutoka mbali. Mwalimu alifikiri sana akipapasa ndevu. Mwishowe alisema hajaona mwanamke anayejipaka esanse ili apendeze, ila kama Abedi anaona harufu ile inampendeza, basi Abedi ndiye asipite pale.

Kosa la pili lilimgharimu Hawa usingizi. Kati ya kichwa cha moteri na kiwiliwili chake panalala bati la shaba, jembamba, lenye matundu, la kuzuia maji na moto visikutane. Lile la zamani lilikuwa limekakamaa, limepinda. Hawa akalitupa, akakata lingine kwa ngozi ya mbuzi, akalishona ukingo kwa uzuri ambao ungeweza kuvaliwa Idi. Moteri ikaamka. Ikanguruma, kuku wakapanda paa, Émérance akapiga ishara ya msalaba. Kisha ngozi ikaiva. Ikajikunja kama ngozi yoyote iliyotiwa motoni, maji yakaingia mahali pa moto, na moshi mweupe ukajaa uani, hata watu wakadhani Hawa amejichoma kwa huzuni.

Abedi, kwa bahati yake, alikuwa nje.

"Mke wangu mtarajiwa," aliita, "nimekwisha kukununulia kitanda."

"Kilalie," ikajibu sauti kwenye moshi.

Lakini usiku huo alilia, na siyo kwa ajili ya marehemu. Alifungua sanduku lake, kwa sababu mtu akishindwa hufungua sanduku, akatoa bangili za shaba alizozivua siku ya msiba. Akazigeuzageuza. Akamkumbuka mhunzi aliyemfunga zile bangili alipokuwa mwari: shaba ilikuja ngumu, akaitia motoni mpaka ikawa nyekundu, akaizamisha majini, na ikatoka laini, ikafuata mkono kama kamba. Kulipopambazuka, Hawa alikuwa anachakura jalalani. Bati la zamani lilikuwepo, limekaliwa na bata. Akaliweka juu ya makaa ya ugali, likawa jekundu, akalizamisha, likatoka laini.

Hata hivyo kichwa kilipofungwa bado kilivuja upande mmoja. Hawa alikuwa anakaza bulo kama mtu anavyofunga vifungo vya kanzu, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Émérance alimtazama akiwa ameshika kiuno.

"Weye si ndiye unafungaka dufu za maulidi? Dufu unakazaka hivyo, upande mumoja tu?"

Hawa akaacha kukaza, kle, ule ufunguo wa bulo, bado mikononi. Ngozi ya dufu huikazi hivyo, ukikaza upande mmoja inakimbilia mwingine. Unagusa hapa, unakwenda ng'ambo, unarudi katikati, kidogo kidogo, mpaka ngozi isijue imevutwa na nani. Alizilegeza bulo zote, akaanza upya kutoka katikati, akiimba kasida chinichini ili mkono usiharakishe. Haikuvuja tena.

Eda ikaisha. Hawa akaoga, akavaa kanga ya rangi, akazirudisha bangili. Abedi alikuwa tayari nje na vijana wenye kamba nene za kukokotea, na mji mzima ulikuwa umekuja, hata waliokuwa na kazi. Matete yakafunguliwa. Hawa alizungusha manivela mara moja, moteri ikapokea, na motokari ikatoka uani na mwanamke mmoja juu yake, mikono na miguu yote kazini.

Ilikwenda vizuri kwenye tambarare. Ikafika penye mpando, ikainua pua, ikapanda kidogo, ikakohoa, ikazima. Hawa akavuta breki. Akashuka, akaamsha. Ikaamka, ikavuta pumzi chache, ikazima tena. Juu kule mlango wa msikiti ulionekana, na wazee wamekaa mbele yake.

Abedi hakupiga kelele. Alifanya ishara tu, na vijana wakaanza kukunjua kamba.

Zamani Hawa angeshika kle na kufungua kila kinachofunguka. Sasa aliiacha kle chini ya kiti. Mashini haivuji, mafuta ni yake yenyewe, moto unawaka. Akainama chini ya moteri, akalegeza kibulo kidogo mahali esanse inapoingilia. Halikutoka hata tone. Akafungua tangi, lililokuwa chini ya kiti chake, akachovya kijiti, kikatoka kimelowa nchani. Esanse ipo, ila ni kidogo na imekaa chini, na barabara imeinua moteri juu yake. Hakuna kitu cha kuisukuma. Inafika kwa kuteremka tu, na hapa imeambiwa ipande. Faradji hakuwahi kuona hayo, kwa sababu Faradji alikuwa tajiri wa esanse na alijaza tangi.

Vijana wa kamba wakamfikia. Hawa akawaambia wasogee wasije wakakanyagwa. Akalegeza breki, motokari ikateremka nyuma mpaka tambarare, watu wakazomea, Émérance akafumba macho. Pale chini Hawa aliiamsha, akaizungusha mpaka matako ya motokari yakatazama msikiti, akakanyaga chuma cha kurudi nyuma. Tangi sasa likawa juu na moteri chini. Esanse ikateremkia moteri. Na motokari ya marehemu Faradji ikapanda mlima kinyumenyume, inanguruma, Hawa amegeuza shingo kama bundi, mpaka ikasimama mlangoni pa msikiti na mkia wake ukagusa kiti cha mzee wa katikati.

Abedi alifika nyuma yake akihema. Alidai kitu kinachokuja kwa mgongo hakijaja, kimerudi. Mwalimu akamjibu kwamba walisema ifike, hawakusema ifike imetazama wapi, na mbele yake yeye anaiona imefika.

"Na hicho kitanda," Hawa alimwambia Abedi, mikono bado juu ya usukani, "kiuze. Sitakuja kwako kwa mbele wala kwa nyuma."

Kesho yake Hawa alipakia chumvi kwenda Kabambare, na tangi bado lilikuwa na esanse kidogo. Abedi naye alikuwa na safari ileile, na hakuna aliyekubali kumbeba mtu mwenye tumbo kama lile. Hawa akampa nafasi, nyuma, juu ya magunia. Kila walipofika penye kilima aliigeuza motokari, na kwa kuwa magunia yalimziba asione aendako, ilibidi mtu wa nyuma awe macho yake. Watu wa njia ile, mpaka Lusangi, waliisikia motokari inapanda matako mbele, na sauti ya mwenye duka mkubwa wa Kabambare ikitangulia yote, inafukuza mbuzi, inaomba.

"Kushoto kidogo, mama. Taratibu, mama Hawa. Kushoto, nakusihi."

Na Hawa, akitaka, alikwenda kushoto.